Tofauti Iliyo Ndogo

Mtu akiambiwa kwamba kazi yake imepotoka kidogo, aghalabu hujibu, "Si neno." Na mara nyingine ni kweli. Mkeka ukizidi kidole kimoja kwa urefu, alalaye juu yake hajui. Walakini yako mambo ambayo tofauti ndogo kuliko hiyo huharibu kazi nzima, na mengine ambayo tofauti hiyo ndiyo iliyowafumbua watu macho. Twataka kueleza jinsi ya kuyabagua, maana ukubwa wa tofauti peke yake hautuambii mengi.

Tuanze na nahodha. Dira imegawanywa katika digrii 360. Nahodha akishika njia iliyopotoka digrii 1 tu, kila aendapo maili 60 huwa nje ya njia yake kwa maili 1. Akienda maili 600 atakuwa nje kwa maili 10, na usiku, penye miamba, hizo ni nyingi mno. Lakini kila mshika usukani huyumba, mara kulia, mara kushoto, na chombo hufika salama, kwa kuwa kosa la kulia hulipwa na kosa la kushoto. Limpotezalo nahodha ni dira yenyewe kuvutwa upande mmoja daima, labda kwa kipande cha chuma kilichowekwa karibu nayo. Basi tukiona tofauti ndogo, yafaa kwanza tuulize kama yaelekea upande ule ule siku zote.

Hesabu ya tarehe yaonyesha jambo hili vizuri sana. Mwaka wa jua ni siku 365, saa 5 na dakika 48 na kitu. Julius Caesar, mtawala wa Roma, alipotengeneza kalenda katika mwaka 46 kabla ya Kristo, aliamuru kila mwaka wa nne uongezwe siku moja, yaani mwaka ukahesabiwa kuwa siku 365 na saa 6 kamili. Alizidisha dakika 11 hivi. Nani atakayejali dakika 11 kwa mwaka? Lakini zilikuwa za kuzidi siku zote, hazikupunguzwa na kitu, na kila miaka 128 zikatimia siku nzima. Hata kufikia mwaka 1582, ile siku ya Machi ambayo mchana na usiku huwa sawa, iliyotazamiwa tarehe 21, ilikuwa imerudi mpaka tarehe 11, na hesabu ya Pasaka, ambayo hutegemea siku hiyo, ikawa hailingani tena na majira. Ndipo Papa Gregory wa 13 alipoamuru kwamba Alhamisi tarehe 4 Oktoba ifuatwe na Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Waingereza walikataa mpaka mwaka 1752, na kwa kukawia kwao wakalazimika kuruka siku 11 badala ya 10. Katika kalenda hiyo mpya, mwaka wa kutimiza mia usiogawanyika kwa 400 hauongezwi siku. Kwa hiyo mwaka 1900 haukuwa na tarehe 29 Februari, lakini mwaka 2000 ulikuwa nayo. Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii, nao wataipenda.

Mara nyingine tofauti ya upande mmoja si kosa la mpimaji, bali ni habari. Katika mwaka 1892 Mwingereza mmoja mwenye elimu, Lord Rayleigh, alipima uzani wa hewa iitwayo nitrojeni. Ile aliyoitoa katika hewa tuivutayo ilikuwa nzito kidogo kuliko ile aliyoitengeneza kwa dawa, na alipoendelea kupima tofauti ilikuwa kama sehemu 1 katika 200. Wengi wangaliandika hesabu ya katikati na kwenda kulala. Yeye alirudia tena na tena, na daima ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzito. Katika mwaka 1894 yeye na William Ramsay wakatangaza kwamba ndani ya hewa imo hewa nyingine isiyojulikana hapo kwanza, wakaiita argoni. Watu walikuwa wakiivuta pasipo kujua tangu zamani.

Sasa tuje kwenye jambo litugusalo majumbani mwetu, nalo ni ugonjwa wa selimundu. Rangi nyekundu ya damu hutokana na kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kimeungwa kama nyuzi za ushanga. Uzi mmojawapo una shanga 146. Katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, alionyesha kwamba mwenye ugonjwa huu ana ushanga mmoja tu uliobadilika, nao ni wa sita. Kwa sababu ya huo mmoja, chembe za damu, ambazo huwa za mviringo, hupindika kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali.

Kwa nini badiliko baya namna hii halikutoweka? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo katika mwaka 1949, akaona limeenea pwani na kandokando ya ziwa Victoria, lakini ni haba nyanda za juu zenye baridi. Katika mwaka 1954 akaeleza sababu: aliyelirithi kwa mzazi mmoja tu huwa na afya, tena hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Alirithiye kwa wazazi wote wawili ndiye agonjwaye. Kwa hiyo baba na mama wenye afya njema waweza kupata mtoto mgonjwa, na kwa kila mimba hatari hiyo ni 1 katika 4.

Twaomba machifu na walimu wawaeleze watu habari hii, maana wako wadhanio kwamba mtoto amerogwa, au humlaumu mama peke yake. Mtoto mchanga aweza kupimwa kwa tone la damu kisiginoni. Miezi ya kwanza haonyeshi dalili. Baadaye vidole na nyayo huvimba, na macho huwa manjano. Mtoto wa namna hiyo akishikwa na homa apelekwe hospitali siku ile ile, asingojewe apoe.