DAFTARI LAKO NDILO WAKILI WAKO: Maswali 6 ya sheria kwa anayeuza mtandaoni



Zamani mlikuwa mnatuuliza picha ya bidhaa ipigweje na bei iandikwe au isiandikwe. Sasa hivi maswali mengi ni ya serikali: TRA, leseni, ushuru wa barabarani, mteja anayetishia kwenda polisi. Mimi sio mwanasheria, ni muuzaji kama wewe, ila haya mambo ni lazima tuyajue, kwa sababu asiyejua ndiye anayelipa zaidi. Nimechagua maswali sita. Soma mpaka mwisho utaona karibu kila jibu linarudi kwenye kitu kimoja cha shilingi elfu mbili: daftari.

1. "SINA FREMU, NAUZA STATUS NA INSTA TU. NAHUSIKA NA TRA?"

Ndiyo. Sheria inaangalia kama unafanya biashara, haijali kama una fremu Mwanjelwa au unapakia mizigo chumbani Kihesa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka mtu anayeanza biashara aombe TIN ndani ya siku 15.

TIN ni bure. Narudia: BURE. Unahitaji namba ya NIDA, na unaweza kuomba kwenye tovuti ya TRA au kwenda ofisini kwao. Ukimpa mtu wa steshenari elfu kumi, hiyo ni hela ya kujaziwa fomu tu, sio ada ya serikali. Usichanganye.

Kuwa na TIN hakumaanishi moja kwa moja kwamba utalipa kodi. Hilo ndilo swali linalofuata, na ndipo hela yetu nyingi inapopotelea.

2. "NITALIPA KODI KIASI GANI?"

Kwa mtu binafsi (sio kampuni) ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, kodi inakadiriwa kwa kuangalia MAUZO, sio faida. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, sisi wa chini tumegawanywa hivi:

▪️ Mauzo hayazidi milioni 4 kwa mwaka: hulipi kitu.
▪️ Zaidi ya milioni 4 hadi 7: usiye na kumbukumbu unalipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4.
▪️ Zaidi ya milioni 7 hadi 11: usiye na kumbukumbu unalipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Soma tena hapo. Mauzo yaleyale, mji uleule, ila mwenye daftari na asiye na daftari hawalipi sawa!

Tupige hesabu. Dada anauza viatu vya mtumba kwa WhatsApp pale Iringa, kwa mwezi anauza wastani wa 700,000. Kwa mwaka ni milioni 8.4.

Bila daftari: 250,000.
Akiwa na daftari: 90,000 + asilimia 3 ya 1,400,000 (ambayo ni 42,000) = 132,000.

Tofauti ni 118,000. Huo ni mtaji wa viatu, ameupoteza kwa sababu ya kutoandika tu.

Na kuna hatari kubwa zaidi. Simu yako inapokea hela za kila aina. Mama ametuma ya mbolea, wewe ni mweka hazina wa kikoba, mdogo wako ametumiwa ada kupitia namba yako. Kama huna daftari, utamwonyesha nini afisa ajue ipi ni ya mauzo na ipi sio? Yule dada wa viatu akipokea na milioni 4 za kikoba kwa mwaka, kwenye simu inasomeka milioni 12.4. Ghafla anaonekana amepita milioni 11, ambako kodi inapanda na mashine ya risiti ya EFD inamhusu. Kumbe biashara yake halisi haijafika huko.

Kwa hiyo: tenganisha laini. Laini moja au lipa namba iwe ya biashara peke yake. Kikoba kiende kwenye laini nyingine.

Kodi ya mwaka unalipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. 132,000 ni 33,000 kila awamu. Ukiiona hivyo haitishi.

Angalizo: Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka na huanza kutumika Julai 1. Kabla ya kukadiriwa, uliza kama viwango vya kundi lako vimebadilishwa mwaka huo. Kuuliza ni haki yako.

3. "NIMEKADIRIWA KUBWA KULIKO BIASHARA YANGU. NIFUNGE?"

Usifunge, na usikimbie. Wengi wetu tukipewa karatasi ya makadirio tunafanya mambo mawili: tunalia au tunazima simu. Yote mawili yanakupotezea muda, na muda ndio kila kitu hapa.

Ukipokea makadirio una siku 30 za kupeleka pingamizi KWA MAANDISHI kwa Kamishna, kupitia ofisi ya TRA iliyokukadiria. Kulalamika kwa mdomo kaunta sio pingamizi. Barua iseme unapinga nini, kwa sababu gani, na uambatanishe ushahidi. Ushahidi wenyewe ni nini? Daftari, risiti za manunuzi, taarifa ya lipa namba.

Kuna jambo moja watu hawaambiwi. Ili pingamizi lipokelewe, unatakiwa kulipa kwanza kile kiasi usichokibishia, au theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Mfano: umekadiriwa 450,000, wewe kwa daftari lako unaona ni 132,000. Theluthi ya 450,000 ni 150,000. Kwa hiyo unalipa 150,000 na shauri linaendelea. Kama hata hiyo huna, sheria inaruhusu kumwomba Kamishna aipunguze au aiondoe, nayo ni kwa barua yenye sababu.

Jibu la pingamizi likitoka na bado huridhiki, una siku 30 nyingine za kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Wachache wa saizi yetu tutafika huko, ila ni vizuri ujue kwamba mlango upo.

Kila barua unayopeleka, toa kopi, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo, utathibitishaje kwamba hukuchelewa?

Na suala la hela ya mkononi. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanzia na 99. Unalipa kwa simu, wakala au benki. Mtu akikwambia "nipe hapa hapa tumalizane", hiyo sio kodi, na kesho atakuja mwingine na utaanza upya kwa sababu huna risiti. Ukidaiwa rushwa, namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure.

4. "NIKIWA NA TIN, LESENI YA NINI TENA?"

TIN ni ya kodi. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972. Leseni za kundi A zinatolewa na BRELA, kwa mfano kuagiza na kuuza nje ya nchi. Sisi wengi tuko kundi B, zinazotolewa na halmashauri yako: Jiji kwa Mbeya mjini, Manispaa kwa Iringa mjini. Maombi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI, na leseni inadumu miezi 12. Ada inategemea aina ya biashara na mahali, kwa hiyo usikubali kutajiwa bei na mtu wa mtaani. Nenda kwa afisa biashara.

Kama mauzo yako hayafiki milioni 4 kwa mwaka, uliza kuhusu kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Vilianza Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, na siku hizi ni vya kidijitali. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kuanzia.

5. "NATUMA MCHELE NA MAHARAGE DAR. KILA GETI NADAIWA USHURU."

Hili ni letu kabisa, watu wa Nyanda za Juu Kusini. Mchele wa Kyela na Mbarali, maharage ya Mbozi, viazi, vyote vinauzwa mtandaoni siku hizi na kushuka na basi au fuso.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, mazao yasiyozidi TANI MOJA yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru wa mazao. Tani moja ni kilo 1,000, yaani magunia kumi ya kilo mia. Wewe unayetuma gunia mbili za mchele kwa wateja wa Tegeta haupo kwenye kutozwa ushuru huo.

Sasa ukisimamishwa:
▪️ Salimia vizuri. Sauti ikipanda, umeshindwa hata kama una haki.
▪️ Sema mzigo ni kilo ngapi na uonyeshe karatasi: jina lako, aina ya zao, kilo, ulikonunua na unakopeleka.
▪️ Akisisitiza, mwombe akupe risiti ya mashine ya halmashauri yenye jina la ushuru na kiasi. Anayetoza kihalali hana shida na risiti. Ukiwa nayo unaweza kwenda kulalamika kwa mkurugenzi wa halmashauri. Bila risiti utabaki na maneno.

Andika jina na kilo kwenye kila gunia lako. Kwenye fuso, mizigo ya watu kumi isiyo na majina itaonekana ya mtu mmoja, na hapo tani moja imeshapita.

Msamaha huu ni wa ushuru wa mazao ya kilimo tu. Ushuru wa soko na maegesho ni mambo mengine. Na wauza mbao na mkaa msijichanganye hapa: mazao ya misitu yana vibali vyake vya TFS, hata kama mzigo ni mdogo.

6. "MTEJA ANATAKA HELA YAKE. NA MWINGINE ANANIDAI MIMI NIMUANIKE?"

Kwanza anayetaka kurudishiwa. Ile "mali ikiuzwa hairudishwi" tunayoandika kwenye profaili haikulindi kama umetuma kitu tofauti na ulichokitangaza. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo hayo. Ulipost kitenge cha wax, umetuma cha kuchuja, mteja ana haki ya kukikataa. Lakini ulituma kilekile, saizi aliyotaja mwenyewe, kabadili mawazo tu? Hapo una pa kusimamia, ilimradi meseji zake hujazifuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua taarifa za kielektroniki kuwa ushahidi. Kwa hiyo kabla ya kutuma mzigo, mwandikie mteja: bidhaa, rangi, saizi, bei, nauli ya mzigo nani analipa. Akijibu "sawa", hifadhi. Piga na picha ya mzigo na risiti ya basi.

Pili mdaiwa. Kuweka picha yake, namba yake au kitambulisho chake status na kuandika "TAPELI" ni kujitafutia kesi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Namba na picha ya mteja ulipewa kwa ajili ya biashara, sio kumdhalilisha. Umemdai wewe, halafu wewe ndio unageuka mshtakiwa! Njia nyoofu: mwandikie kiasi na tarehe ya mwisho, mpitie mwenyekiti wa mtaa, ikishindikana nenda Mahakama ya Mwanzo. Huhitaji wakili. Unahitaji kuonyesha alichukua nini, lini, kwa bei gani, na amelipa kiasi gani.

WIKI HII FANYA HIVI

Nunua daftari gumu. Chora safu saba: tarehe, mteja, bidhaa, bei niliyonunulia, bei niliyouzia, amelipaje (taslimu au simu), deni. Jaza kila jioni kabla hujalala, dakika kumi zinatosha. Risiti za manunuzi na za basi weka kwenye bahasha moja kwa kila mwezi. Usitupe: sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Kama unatumia simu kuandika, sawa pia, ila tunza nakala sehemu nyingine. Simu inaibiwa stendi, inadumbukia kwenye ndoo.

Ukikaa mbele ya afisa, geti, au hakimu, hawamjui mtu mkweli kwa sura. Wanasoma kilichoandikwa. Mtumie hii mwenzako anayeuza, hasa yule anayesema "mimi naweka kichwani".