Istilahi za Saikolojia na Mwanafunzi Atokaye Kiloleli

1.0 Utangulizi

Makala haya mafupi yanaitazama kwa jicho la isimu hali ya mwanafunzi anayesoma saikolojia katika chuo kikuu nchini Tanzania. Tumchukue, kwa mfano, kijana aliyekulia Kiloleli, mkoani Simiyu. Lugha yake ya kwanza ni Kisukuma. Katika shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili, na kuanzia Kidato cha Kwanza akahamia Kiingereza. Chuoni, basi, anaisoma nafsi ya binadamu kwa lugha yake ya tatu. Akirudi kufanya kazi nyumbani, atakaowahudumia watamweleza maumivu yao kwa zile mbili za kwanza.

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa taaluma hii. Dai letu ni kwamba kasoro imo katika namna istilahi zinavyoundwa: moja moja, kila neno la Kiingereza likitafutiwa mwenzake.

2.0 Maneno katika Uwanja Mmoja

Nafsi, roho na akili yana asili ya Kiarabu. Moyo ni neno la Kibantu. Yote manne yamo katika uwanja mmoja wa maana, na mipaka yake huonekana katika matumizi. Mwenye roho mbaya aweza kuwa na akili nyingi. Aliyevunjika moyo hasemwi kuwa amevunjika akili. Kisukuma nacho kina masala, neno tulilozoea kulifasiri kuwa ‘akili’. Iwapo mipaka ya maneno hayo mawili inalingana, mwanafunzi wa Kiloleli ana nafasi bora ya kulichunguza jambo hilo kuliko mwalimu wake.

Suala hili si la kinadharia tu. Hojaji ya PHQ-9, itumikayo kupima sonona na ambayo imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, ina vipengele 9. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 3 kwa kuzingatia wiki 2 zilizopita. Kipengele cha pili hukusanya pamoja huzuni, kusononeka na kukosa matumaini. Lakini katika Kiswahili aliyekata tamaa aweza kuwa ameacha hata kuhuzunika. Akijibu “karibu kila siku”, ataandikiwa alama 3; je, amekiri lipi?

3.0 Funzo la Freud

Mwaka 1923 Sigmund Freud alitumia viwakilishi vya kawaida vya Kijerumani, Ich ‘mimi’ na Es, kiwakilishi cha jinsi isiyo ya kiume wala ya kike. Wafasiri wa Kiingereza ndio walioleta Kilatini: ego na id. Tukiandika ego, tunatohoa uamuzi wa mfasiri, wala si neno la Freud. Mimi lingetosha, na kwa Es, ngeli ya KI- inatupa kile. (Wenzetu wa saikolojia huenda wakacheka, lakini wasomaji wa kwanza wa Freud walilisoma neno la kawaida kama hilo.)

Fonimu na mofimu yamezoeleka katika idara za Kiswahili kwa sababu wanafunzi wamejibia mitihani kwayo. Hivyo tunapendekeza mwanafunzi wa saikolojia aruhusiwe kuandika walau ripoti ya mafunzo kwa vitendo kwa Kiswahili, akiyanukuu maneno ya aliowahudumia kama yalivyotamkwa, ya Kisukuma yakiwemo, kabla ya kuyapa jina la kitaalamu.