*DARSA YA RAMADHANI – SIKU YA 12: Damu isiyokatika, na swali nililolijibu nusu*

Bismillahi Rrahmani Rrahim.


Darsa ya leo ni ya akina mama, lakini akina baba msiruke. Inawahusu vilevile.

Wiki iliyopita mama mmoja alituma swali: damu inamtoka siku ya 22 sasa, je, afunge na asali? Nikamjibu haraka kabla ya tarawehe. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hedhi haizidi siku 15. Ikizidi, mwanamke ambaye damu yake haitofautiani anarudi kwenye idadi ya siku alizozizoea. Zilizobaki ni istihadha: anaoga, anajisitiri vizuri, anatawadha kwa kila swala ya faradhi wakati ukishaingia, anasali na anafunga. Akashukuru, nami nikaenda msikitini.

Usiku ndipo nikajiuliza: mbona sikumuuliza kama ameenda hospitali? Jawabu la tahara lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa nusu. Asubuhi nikampigia mumewe. Kumbe damu ilikuwa ikimtoka hata baada ya tendo la ndoa, tangu kabla ya Rajabu, na alikuwa anaona aibu kusema. Ameshaenda, vipimo vinaendelea. Ameniruhusu niyaseme haya bila jina lake. Tumuombee shifaa.

*Aibu isitufunge mdomo*

Bi Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alikuwa na shida hiyohiyo. Alimwendea Mtume (s.a.w.) mwenyewe akamweleza kuwa hatahariki, je, aache kusali? Mtume hakumkemea. Alimfahamisha kuwa ile si hedhi, inatoka kwenye mshipa, akamfundisha la kufanya. Hadithi hii kaipokea Bi Aisha, imo kwa Bukhari na Muslim. Basi kama yeye aliuliza mbele ya Mtume, sisi tunamwonea haya nesi?

*1. Binti*
Akishaona hedhi, hafungi na hasali. Saumu atailipa, swala hailipwi. Jamani, wapo mabinti wanaoshinda njaa siku za hedhi ili tu kaka zao wasijue! Hiyo si ibada. Mama, mwambie ale. Baba, ukimkuta anakunywa maji, usimuulize mbele za watu.
Na kuna chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Uliza kituo cha afya kilicho karibu.

*2. Mjamzito na anayenyonyesha*
Sheria imempa ruhusa. Akihofia nafsi yake, au yeye pamoja na mtoto, anafungua na kulipa baadaye. Akihofia mtoto peke yake, anakadhi na kutoa fidya, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Kwetu hapa ni mchele. Joto la Kyela mnalijua, na malaria mnaijua. Vidonge vya kuongeza damu unaweza kumeza baada ya futari, lakini dawa ya SP ya kukinga malaria humezwa palepale kliniki. Usiikatae kwa sababu ya saumu. Siku hiyo fungua, utalipa.
Damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso kuvimba, mtoto kupunguza kucheza: hapo hakuna kusubiri futari. Twende hospitali.

*3. Mama mtu mzima*
Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Ikiwahiwa, inatibika, na mabadiliko yanayoitangulia huondolewa kabla hayajawa saratani. Hata usiyeumwa, ukifika miaka 30 kapime. Kipimo hiki huingizwa ukeni, na kwa madhehebu yetu kinafunguza saumu. Kwa hiyo asiye na dalili anaweza kupanga baada ya Idd. Mwenye damu isiyo na mpangilio, au damu baada ya tendo la ndoa, asingoje Idd. Mgonjwa ana ruhusa, imo Suratul Baqara. Na bibi aliyekoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu tena, asifurahi kwamba ujana umerudi. Akapimwe.

*Kwa akina baba*
Nauli ya bodaboda kumpeleka mkeo hospitali ni katika matumizi yako mema ya mwezi huu. Usimwambie avumilie tu. Na sisi tunaoulizwa maswali, tukijibu la tahara tuongeze na hili: "Umeshapimwa?"

*La kufanya leo:* kabla ya futari, muulize mmoja nyumbani, mke, mama au binti, kama kuna jambo la afya analolificha. Kisha nyamaza umsikilize.

Yaa Allah, waponye mama zetu, dada zetu na mabinti zetu, na utukubalie saumu zetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Mtumie na mwenzio. Kesho in shaa Allah: adabu za kumi la mwisho.