Dondoo muhimu: Kuunda umbo kwa mikono na sauti ndani ya miwani ya uhalisia pepe

Kwa seremala wa Mbuba, Ngara, anayetaka kuliona kabati kabla ya kukata ubao: mkono uonyeshe mahali na umbo, sauti itaje vipimo na amri. Richard Bolt wa MIT alionyesha njia hiyo mwaka 1980. Mtu alinyooshea kidole picha ukutani, akasema ihamie pale. Kutamka "sentimeta 40" ni rahisi kuliko kuzikadiria hewani.

Vidole husomwa na kamera za miwani, hivyo chumba kiwe na mwanga wa kutosha. Lakini miwani isiachwe juani hata kidogo: lenzi hukusanya miale ikaunguza skrini. Viwiko vikae karibu na mbavu, la sivyo mabega yatachoka upesi.

Amri ziwe fupi na zisifanane: "nakili", "futa", "zungusha". Whisper, programu ya kutambua usemi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, husikia Kiswahili hata bila intaneti, ila hukosea. Hivyo anayekuandalia programu ya kuchora aweke sharti: "futa" isitekelezwe mpaka ubane kidole gumba na cha shahada. Betri ya miwani ya Quest 2 hudumu saa 2 hadi 3, basi ichaji umeme ungalipo.