Duka Lililojaa Mali za Watu

Leo tunasoma habari za duka kubwa lililokufa. Liliitwa Nakumatt, mali ya familia ya Shah ya Kenya. Huku kwetu Bariadi halikufika, lakini wenye ndugu Moshi, Arusha au Dar es Salaam huenda waliliona kwa macho.

Familia hiyo iliuza magodoro mjini Nakuru. Kampuni yao iliitwa Nakuru Mattresses, yaani Magodoro ya Nakuru. Majina hayo mawili yakakatwa na kuunganishwa, likapatikana jina Nakumatt. Basi, kutoka godoro mpaka supamaketi!

Kampuni ilianza mwaka 1987. Duka moja likazaa jingine. Mwaka 2008 likafunguliwa duka Rwanda, mwaka 2009 Uganda, na mwaka 2011 Moshi. Mwaka 2014 Nakumatt ikachukua maduka matatu ya Shoprite hapa Tanzania. Maduka yakafika zaidi ya 60. Mengine hayakufungwa usiku wala mchana.

Sasa tujiulize: pesa za kufungua maduka yote hayo zilitoka wapi? Nyingine zilikopwa benki. Nyingine zilitokana na mali kauli.

Mali kauli tunaijua. Tuseme mama mmoja wa sokoni Bariadi amechukua katoni 10 za sabuni kwa mwenye duka la jumla. Kila katoni ni shilingi 20,000, atalipa akishauza. Anauza kila katoni shilingi 22,000. Sandukuni zimo shilingi 220,000. Mama anafurahi. Anaona Lamadi kuna kibanda kizuri, analipa kodi shilingi 150,000. Zinabaki 70,000.

Tuhesabu pamoja. Faida yake ilikuwa shilingi 20,000 tu. Zile 200,000 nyingine zilikuwa za mwenye sabuni. Mwenye sabuni akija, mama atafanya nini? Atachukua mali kauli kwa tajiri wa pili, auze, amlipe wa kwanza. Anachimba shimo ili kufukia shimo. Na watu wanaopita wanasema: huyu mama anakua, ana vibanda viwili!

Nakumatt ilikwenda hivyo hivyo, ila kwa mabilioni. Misiba nayo ilikuwapo, tusiifiche. Mwaka 2009 duka lake moja la Nairobi liliungua na watu wengi wakafa. Mwaka 2013 jengo la Westgate lilishambuliwa, na duka lake lilikuwa humo. Lakini mzigo uliovunja mgongo ni madeni. Walioleta mali walipochoka kungoja, waliacha kuleta. Mwaka 2017 mteja aliingia akakuta shelfu tupu. Duka lisilo na mali halina wateja, na lisilo na wateja halina pesa ya kulipia mali. Wafanyakazi wakacheleweshewa mishahara. Wenye majengo wakadai kodi zao, wengine wakalitoa duka nje. Maduka ya Tanzania nayo yakafungwa.

Januari 2018 mahakama ya Kenya iliweka msimamizi. Madeni yalipita shilingi bilioni 30 za Kenya. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe. Maduka sita yaliyobaki yalichukuliwa na Naivas, duka lililoanzishwa na familia nyingine, kwa shilingi milioni 422. Chukua kalamu ugawe: kwa kila shilingi 100 za deni, ni kama shilingi moja na senti 40.

Tena hata hiyo haigawiwi sawa. Benki iliyoshika dhamana hutangulia. Aliyeleta unga au maziwa kwa imani tu husimama nyuma. Sisi wakulima wa pamba foleni hiyo hatuhitaji kuelezwa: mzigo umeshapimwa, karatasi unayo mfukoni, pesa hujaiona.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Yule mama alipaswa kutenga shilingi ngapi kabla ya kwenda Lamadi?

2. Ukimpa mtu dengu zako kwa mali kauli, utaandika nini kwenye daftari, na nani atie sahihi?

3. Dukani kwa jirani yako shelfu zinaanza kuwa tupu, naye anataka magunia mengine matano. Utampa?