Tunutu Wawahiwe Kabla ya Jua Kupanda

Oktoba ikifika, udongo wa Masasi, Nachingwea na Tunduru huwa umeshapata moto, na manyunyu ya kwanza yakidondoka tu, tunutu huanza kujitokeza. Nawasema watoto wa yule panzi wa rangirangi, mwenye milia ya njano na nyeusi, anayenuka ukimshika. Wataalamu humwita Zonocerus elegans. Tunutu wake ni weusi wenye madoa ya njano, nao hukaa kwa makundi. Mwenye muhogo, kunde, bamia au miche ya mipapai hahitaji kuelezwa zaidi.

Kosa ninaloliona mno mashambani ni la saa. Mtu anabeba bomba mgongoni saa tano asubuhi, wakati ambao panzi ana nguvu zake zote na dawa inapeperushwa na upepo wa mchana. Anamaliza dawa, panzi wamehamia kwa jirani, na kesho wanarudi.

Panzi hatengenezi joto la kumtosha. Hulipata kwa jua na kwa udongo. Mtazame saa moja na nusu asubuhi juu ya kichaka alikolala: ameupa jua ubavu, na ule mguu mkubwa wa nyuma ameushusha ili tumbo lipate mwanga. Kwa wakati huo ni mzito, hata kuruka hawezi vizuri. Joto la mwili likipanda kuelekea nyuzi 35 hadi 40 ndipo anapokula kwa fujo, na chakula kinasagika upesi tumboni. Jua la saa saba likichoma kupita kiasi, hugeuka akalielekezea uso ili limpate kidogo, akanyoosha miguu kuinua tumbo lisiguse udongo, au akapanda juu ya shina. Hapo hata kula hupunguza.

Joto hilohilo ndilo linaloamua atakua kwa siku ngapi. Tunutu hujivua gamba mara kadhaa kabla hajawa panzi kamili, na kukiwa na baridi, kila hatua huchukua siku nyingi zaidi. Kwa nzige wa jangwani, wale walioingia Kenya kupitia Mandera mwishoni mwa 2019, jambo hili limepimwa vizuri: kwenye udongo wenye unyevu na joto kali mayai huweza kuanguliwa kwa siku 10, na penye baridi yakachukua hadi siku 65. Panzi wetu ni wa taratibu, kizazi kimoja kwa mwaka, na mayai yake hukaa ardhini takriban miezi sita hadi minane. Lakini wakishatoka, msimu wa joto huwawahisha kukomaa, na jike aliyeshiba na kuota jua la kutosha hutaga mara nyingi zaidi kabla ya kufa. Kwa hiyo mtu wa kwenye baridi ya Njombe asifuate tarehe za Masasi.

Basi kazi ifanyike kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndani ya wiki mbili za mwanzo, tunutu wakiwa bado wamelundikana. Kinga beseni la maji ya sabuni chini ya tawi, kisha ulikung'ute. Watoto wanaweza kusaidia, ila wanawe mikono baadaye. Kuku usiwategemee, panzi huyu ana sumu mwilini na ndege wengi humkataa.

Kwa atakayetaka dawa, kuna ya kuvu, Metarhizium acridum, ambayo mwaka 2009 ilinyunyizwa kwa ndege Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi kupambana na nzige wekundu. Mwulize afisa ugani kama ipo iliyosajiliwa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, kwa matumizi ya shambani kwako. Nayo joto inalijua: kuvu huyo hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30, na panzi aliyeambukizwa huota jua makusudi mpaka joto la mwili lipande kufikia nyuzi 40 hivi, kuvu akadumaa. Nyunyiza jioni, maana jua kali huua mbegu za kuvu, na usitafute mizoga kesho yake. Huchukua wiki moja hadi tatu, na penye baridi au jua kali zaidi huchelewa.

Halafu kuna mayai. Majike hukusanyika kutaga mahali pamoja, kwenye udongo laini wa kivulini: chini ya vichaka vya mpakani au chini ya mwembe. Wakianza kupandana kwa wingi, mwishoni mwa mvua, weka vigingi pale walipojazana. Kiangazi chimba sentimita kumi hivi. Utakuta vifuko vya mayai vimefunikwa kwa povu lililokauka. Vitoe juu jua livikaushe. Oktoba muda huo huwa umepita, lakini kama unakumbuka walikojazana mwaka huu, anza doria ya asubuhi hapohapo. Wengi wao wana mabawa mafupi na husafiri kwa miguu, kwa hiyo hawatakuwa mbali, na kama kichaka kiko upande wa jirani, nendeni naye.