Kwa nini Mama asipasuliwe?

Swali: Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, na daktari anataka apewe mionzi. Kwa nini asipasuliwe tu, arudi nyumbani Kiunga?

Jibu: Pole sana, mwanangu. Upasuaji hufaa uvimbe ukiwa bado mdogo. Ukishatambaa nje ya mlango wa kizazi, kisu huweza kuacha mabaki. Hapo mionzi, pamoja na dripu ya kemotherapi kila wiki, hutolewa kwa nia ya kuponya; si dalili ya kukata tamaa. Mionzi ya nje huchukua kama wiki 5, siku 5 kwa wiki, kisha hufuata ya ndani. Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, ina mashine ya mionzi. Tafuteni kwanza pa kulala huko, kwa sababu kukatiza mionzi hupunguza nguvu yake. Muulizeni daktari ugonjwa umefika hatua gani, na bima ya afya ya SHA italipia kiasi gani.